Pua ya Mama na Jiko la Gesi

Kabla ya kuwasha jiko la gesi mimi huinama. Nafungua mlango wa jikoni, nafungua mlango wa tanuri, naweka mkono mmoja kiunoni na mwingine ukutani, kisha nainama mpaka pua ikaribie sakafu, nanusa. Wajukuu zangu hunicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja hunigeza, akainama akajifanya mbuzi anayetafuta maganda, nami humwacha kwa kuwa ananigeza vizuri. Lakini wakiniambia, "Bibi, majiko ya siku hizi hayavuji," huwajibu vibaya, na si tabia yangu kuwajibu watoto vibaya. Hapo nadanganya, ni tabia yangu. Basi leo nawaandikia sababu, wasome wenyewe wakishachoka kucheka.

Nyumba yetu ilikuwa Likoni, njia ya kwendea Mtongwe. Ilikuwa na ua mpana nyuma, na pembeni mwa ua chumba kidogo cha mawe ambacho Baba alikijenga kiwe jikoni, chenye mlango mmoja na dirisha moja. Mama hakukipenda. Alipika nje, kwenye mafiga ya kuni na seredani ya makaa, na chumba kile alikitia kuni na nazi. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani, kaka zangu wakubwa walikwisha kuoa na kwenda zao. Kwa hivyo kila kilichotokea katika ua ule kilitokea baina yetu watatu.

Mama alikuwa na pua. Ndivyo alivyosemwa na watu: "Mpelekeeni yule, yule ana pua." Mwenye mwana anayeolewa akinunua udi alimletea Mama kwanza. Mama aliweka kibanzi kwenye kaa la moto, akaukaribia moshi, akafumba macho. Halafu akasema, "Huu ndio," au akasema, "Hapa mmeuziwa mti mtupu, rudisheni." Na ulirudishwa, na mwenye duka hakubishana. Tena alikuwa akipika udi wa sukari, vibanzi vilivyochemshwa na sukari na manukato, kwa mikono yake. Nyumba ya arusi iliyofukizwa udi wake ilijulikana kabla hujaingia, unaipita njiani unajua. Hakuwa mwanamke wa kujisifu, lakini akiambiwa "wewe una pua" aliinamisha kichwa kidogo, nami najua alikuwa akificha kicheko.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili iliingia homa ya mafua iliyolaza mitaa mizima. Kwetu ilimlaza Mama. Alilala siku nyingi, hata uji ukimshinda, na alipoinuka alikuwa amekonda, amebaki shingo tu. Baada ya hapo ndipo alipoanza kunifunza. Ukija udi wa watu, aliniita.

"Wee mwana!"

"Abee, Mama."

"Njoo unuse. Niambie unanukiaje."

Nami nilinusa, nikasema: huu ni mtamu halafu una ukali mwishoni, huu unanuka kama mbao za seremala. Mama alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akawageukia wageni akawapa hukumu yake. Mara nyingi hukumu ilifanana na maneno yangu, nami nilivimba kichwa. Na chakula ikawa vivyo hivyo: "Nusa mchuzi huu, umeiva?" "Nusa maziwa, yamelala vizuri?" Nilijiona mwanafunzi hodari wa mwalimu mkubwa. Mambo hayo yaliendelea miaka mitano.

Sasa jiko. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja katika zile nyumba za upande wa bahari. Ule mwaka Wazungu walianza kufunga mizigo, maana kila mtu alijua Uhuru unakuja, na bwana yule na mkewe wakaamua kurudi kwao. Kitanda wakampa mtunza bustani. Baba wakamwuliza anataka nini, naye akasema anataka jiko. Alikuwa amepikia jiko lile miaka na miaka. Alilijua kuliko alivyonijua mimi.

Lilikuja kwa mkokoteni, likisukumwa na wanaume wanne, jeupe, na miguu minne mifupi, na juu lina meko matatu, na chini tanuri lenye mlango mzito wa chuma. Mtaa mzima ulitoka. Mama alisimama mlangoni amejifunga kanga kifuani, akasema, "Mwakileta kitu hiki kwangu kikalipuka, je?"

"Hakilipuki ovyo, bibi," Baba akasema. "Kinalipuliwa na mpumbavu."

Siku ile Baba alikuwa mkali kama anafunza jeshi. Kwanza alitoa kuni zote chumbani. Mtungi wa gesi hakuuweka ndani; aliutia nje, nyuma ya ukuta, umesimama wima kwenye kivuli, na mpira ukapita kwenye tundu la ukuta. Akachukua povu la sabuni akaupaka mpira ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Povu likivimba vijipovu, pale panavuja. Msije mkatafuta panapovuja kwa kiberiti, kama alivyofanya mpishi mwenzangu mmoja. Nyusi hazikuota tena." Kisha akatufunza kuwasha: fungua mlango wa chumba na dirisha, fungua tanuri, nusa. Usiposikia kitu, washa njiti kwanza, isogeze kwenye matundu ya lile bomba la chini, ndipo uzungushe gesi. Njiti kwanza, gesi baadaye. "Ukianza na gesi kisha ukenda kutafuta kiberiti kwa jirani, ukirudi tutakuokota vipande." Na tanuri lisifungwe kwa kishindo, wala lisifungwe mpaka uone moto umetambaa bomba zima. Na ukimaliza, unazima jiko, kisha unatoka nje unafunga na mtungi.

Halafu akatufanyia jambo ambalo sijalisahau. Aliifungulia gesi kidogo bila moto, kwa nusu ya pumzi tu, akaifunga.

"Nuseni. Hii ndiyo harufu yake. Imetiwa makusudi ili mtu azinduke. Mkiisikia siku yoyote, msiwashe hata taa. Fungeni mtungi, fungueni milango. Gesi hii ni nzito, inalala chini, kwa hivyo inafagiliwa nje kama vumbi."

Ilinuka vitunguu vilivyooza. Niliziba pua nikapiga makelele. Mama alinitazama usoni, kisha naye akakunja uso, akasema, "Ee, nimesikia. Loo, inanuka!" Nakumbuka vizuri kwamba alinitazama mimi kwanza. Wakati ule sikuona maana yake.

Siku mbili tatu Mama alilitazama jiko kama mke mwenza. Shaka yake ilikuwa moja, na ilikuwa shaka ya mpishi: sisi mkate wa mayai huuoka kwa moto wa juu na chini, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Jiko hili lina moto wa chini peke yake, mkate utaivaje juu? Baba akamwambia, "Jaribu." Alijaribu. Mkate ukapanda ukawa kama mto wa kulalia, rangi moja juu na pembeni, hapana jivu hata chembe. Mama alikaa kwenye kigoda mbele ya tanuri, akaucheka mkate wake kwa furaha. Tangu siku ile hakutaka kusikia habari ya mafiga. Magoti yalikuwa yakimwuma kwa kuchutama, na macho yalikuwa yakimtoka machozi kwa moshi wa makumbi ya nazi, na sasa alisimama kama bibi, akazungusha, akapika. Furaha yake niliiona kwa macho yangu, na ndiyo iliyofanya mambo kuwa magumu baadaye.

Basi tukaingia kwenye kusafisha. Baba alikuwa amesema: likipoa kabisa, na mtungi umefungwa, tumieni maji ya vuguvugu na sabuni, na magadi kidogo pale mafuta yaliposhika. Kitambaa, si kumbi. Matundu ya bomba yapitishwe sindano, moja moja, kisha tanuri liachwe wazi mpaka likauke. Mama alimwitikia, "Sawa, bwana." Lakini Mama alikuwa mtu wa jivu. Masufuria yake aliyasugua kwa jivu na ndimu na kumbi la nazi mpaka ukajiona meno. Mwanamke wa kwetu aliyesafisha chombo kwa kitambaa na sabuni peke yake alikuwa mvivu, na neno hilo angelisikia kisimani. Siku moja samli na sukari zilimwagika ndani ya tanuri zikaganda. Alhamisi asubuhi, Baba amekwenda kazini kuwafungia Wazungu wake makasha, Mama akaingia kazini kwa jivu. Alisugua kuta, akasugua sakafu ya tanuri, akasugua na bomba lenyewe. Jiko likang'aa. Na jivu bichi likaingia kwenye matundu likakauka humo kama chokaa.

Mchana ule jirani mmoja akaja kuomba kiberiti. Alisimama akalitazama jiko, akasema, "Jiko zuri hili, hata Ulaya hakuna kama hili," akaondoka zake. Hakusema mashaallah. Nilijua kinachokuja. Kitu kikisifiwa namna ile lazima kifukizwe ubani, jicho la husuda litoke. Ikawa alasiri ataoka mkate, na mkate ukiwa ndani alizungushie jiko chetezo cha ubani. Mimi akanituma mayai, nyumba ya tatu.

Nilipokuwa huko, kama alivyonieleza baadaye, alifuata karibu kila alichofunzwa, sitamsingizia. Alifungua mlango na dirisha na tanuri, akanusa, akawasha njiti kwanza. Moto ukashika upande mmoja wa bomba, upande wenye matundu yaliyopona. Yeye akauona moto, akaridhika, akafunga mlango wa tanuri lipate moto, na mlango ulikuwa mzito, ukajibamiza. Moto ukazima humo ndani. Gesi haikuzima. Mama akarudishia dirisha na mlango wa chumba kwa ajili ya upepo, akaenda mwisho wa ua kwenye seredani kuchagua makaa ya chetezo.

Nikaingia uani na mayai kwenye kikapu. Harufu ilinipiga hata sijafika katikati. Vitunguu vilivyooza. Nikamwona Mama anatoka kwenye seredani, chetezo mkononi, makaa mekundu, ubani umeanza kutoa moshi, anakwenda mlango wa jikoni akisoma kimoyomoyo kama desturi.

"Mama, simama!"

Hakusimama. Mama yangu hakuwa mtu wa kusimamishwa na mtoto.

"Mama, gesi!"

"Gesi gani? Mimi sisikii kitu. Mayai yako wapi?"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshagusa mlango. Nilitupa kikapu, nikamrukia, nikamnyang'anya chetezo. Sikukishika kwenye mguu wake, nilikishika popote, na makaa yakanimwagikia kiganjani. Nikakitupa kwa nguvu zangu zote hadi kwenye dimbwi la kuoshea vyombo. Mama akanizaba kofi. Lilikuwa kofi zima, la haki kabisa kwa mwana aliyempokonya mamake kitu mkononi, tena chetezo, tena Alhamisi, mkesha wa Ijumaa.

"Umeingiwa na wazimu?"

"Nusa!" nikamwambia, nikilia. "Nusa mwenyewe!"

Akausukuma mlango, akasimama kizingitini, akavuta pumzi. Harufu pale ilikuwa nzito hata machozi yalinitoka upya. Yeye alivuta pumzi mara ya pili. Kisha akageuka akanitazama usoni, vilevile kama siku ile ya Baba, anatafuta kwenye uso wangu kuna nini. Hapo nikajua. Nilijua mara moja, na yote: udi, mchuzi, maziwa, miaka mitano.

"Mama," nikasema. "Husikii?"

Nilikimbia nyuma ya ukuta nikafunga mtungi kwa mkono ulio mzima, nikarudi nikafungua dirisha, tukachukua mikeka miwili tukaifagia gesi nje, tukipunga chini chini kama Baba alivyosema. Tulipunga hata mikono ikafa ganzi. Mayai yalikuwa yamevunjika yote, na kuku wa jirani wakaja wakayala.

Alipokuwa akinifunga kiganja kwa kitambaa ndipo aliposema.

"Tangu homa ile. Kahawa ni maji ya moto. Udi ni moshi tu. Nilidhani itarudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Nikisema pua yangu imekufa, nani ataniletea udi wa mwanawe? Nitakuwa nani hapa?"

Nilikuwa na hasira, na nitasema ukweli, hasira yangu haikuwa ya gesi. "Kwa hivyo hukuwa ukinifunza."

Mama akafunga fundo la kitambaa, akalikaza. "Nilikuwa nakufunza pia," akasema. Halafu: "Babako asijue. Akijua ataliondoa jiko. Na akiliondoa watu watauliza."

Nikamwahidi, kwa sharti moja: halitawashwa nisipokuwapo mimi. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara, mimi na kiganja changu kilichofungwa.

Jioni Baba aliona jivu. Aliinama na tochi yake akalitazama bomba, akauliza kwa upole, ile sauti ya upole iliyotutia hofu kuliko makelele, "Nani amelipaka jiko langu chokaa?" Mama akasema ni yeye. Baba akanikalisha kando yake akanipa sindano ya kushonea magunia, tukapitisha tundu baada ya tundu, tukagonga bomba jivu likatoka, tukalipangusa, tukaliwasha kwa majaribio mara tatu, mlango wazi. Aliponiuliza kiganja nilimwambia seredani. Hakuuliza zaidi. Mwaka mzima uliofuata mimi ndiye niliyelisafisha jiko lile, kila Ijumaa asubuhi, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, na mimi ndiye niliyeinama kunusa. Wenzangu walikwenda kukaa kwa shangazi zao wiki nzima, mimi sikwenda. Arusini nilikuwa wa kwanza kurudi. Watu walinisifu: mwana huyu anapenda kwao! Wallahi nilichoka.

Kisha posa ikaja. Ilitoka Changamwe, watu wazuri, na kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona mara mbili, na mara zote mbili nilimwona vizuri. Baba akaniuliza kupitia kwa Mama, kama ilivyokuwa desturi. Nikasema sitaki.

Mama alinifuata jikoni. "Humtaki?"

"Namtaka."

"Basi una nini?"

"Nani atakunusia?"

Alikasirika. "Mimi nimezaa mtoto au nimezaa mlinzi? Nenda ukaolewe! Nilikuwa nikipika kabla hujazaliwa."

"Ulikuwa na pua kabla sijazaliwa."

Nilidhani kofi la pili linakuja. Halikuja. Nikamwambia maneno niliyokuwa nimelala nayo siku tatu: nitaolewa siku atakayomwambia Baba. La sivyo nitakaa hapahapa nizeeke, na watu waseme wanavyotaka. Akasema, "Nitamwambia." Posa ikakubaliwa, tarehe ikawekwa. Na kila wiki nikimwuliza, "Umemwambia?" aliniambia, "Nitamwambia, inshallah." Ile inshallah ya Mama niliijua.

Bi harusi kwetu huwekwa ndani, haonekani, hatoki uani. Hilo hatukulifikiria, si mimi wala yeye. Udi wa arusi yangu Mama aliupika mwenyewe, nje, katikati ya wanawake wa mtaa mzima, na mimi nimefungiwa chumbani, sina jinsi ya kwenda kusimama kando yake. Niliusikia kupitia dirishani. Nilimwomba Mungu sukari isiungue. Haikuungua, mkono wake ulijua kazi hata bila ya pua.

Desturi ni kwamba mpishi wa udi huleta chetezo cha kwanza kwa bi harusi, zifukizwe nguo zake. Kabla ya hapo huunusa mbele ya watu akasema, "Umekubali," na vigelegele vikapigwa. Mama alikuwa amesema "umekubali" kwa mabinti wa watu miaka sita bila ya kusikia kitu, nami nikiwa ubavuni mwake nimeshamwambia. Siku ile aliingia chumbani na chetezo, wanawake nyuma yake wamejaa mpaka ukumbini. Mama akakaa kitandani mbele yangu, akakishika chetezo baina yetu, na wote wakangoja.

"Mwanangu," akasema, na hakunong'ona. "Unanukiaje? Niambie. Mimi sisikii."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo akidhani ni mzaha.

"Sisikii harufu," Mama akawaambia, bila ya kugeuka. "Tangu ile homa. Udi wenu wote wa miaka hii ni pua ya huyu. Nyinyi mnaoa na kuozesha kwa pua ya mtoto. Mwenye kutaka kusema na aseme, nimo humu ndani."

Miaka yote aliniuliza swali lile kama anayenitahini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniuliza kwa kuwa alitaka kujua. Alikuwa amepika udi wa mwanawe na hakujua unanukiaje. Nilitaka kumweleza vizuri, kila kitu, utamu wake na sandali na mawaridi, nikashindwa kwa kilio. Nikaweza kusema, "Unanukia kama kanga zako, Mama. Za sanduku la chini." Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akasema kwa sauti kubwa, "Umekubali!" na vigelegele vikapigwa hata nikadhani paa litaondoka.

Habari hazikukaa ndani. Kabla ya magharibi zilikuwa zimefika kwa wanaume barazani, na Baba akaingia uani na spana. Alikwenda nyuma ya ukuta akaufunga mtungi, akaufungua mpira. Kisha akaja mlangoni kwetu, jasho likimtoka, akamwambia Mama, "Ungeniambia, bibi. Mimi ni mpishi. Pua ninayo."

"Wewe hushinda kazini," Mama akasema.

"Na ungekufa?"

"Sikufa."

Baba akaitia spana mfukoni, akarudi barazani kwa wageni.

Jiko likanifuata Changamwe ndani ya lori, na Mama akarudia seredani yake, magoti na moshi na yote, na sikumsikia akilalamika mbele ya watu. Udi walizidi kumletea. Wengine walikuja kwangu Changamwe kwanza, wakaupeleka kwake baadaye, ili autazame tu. Akija kunitembelea alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, na kila nikichukua kiberiti aliniambia, "Nusa kwanza." Nikainama, nikanusa, nikamwambia, "Safi, Mama." Ndipo akasema, "Haya, washa." Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Kiganja changu kina alama mbili hadi leo, wajukuu wanazijua. Jambo wasilolijua, isipokuwa mmoja wao, ni hili. Baada ya Ramadhani iliyopita niliugua mafua, nikainuka, nikainama kama kawaida yangu mbele ya jiko, na sakafu haikuniambia kitu, hata ile sabuni niliyokuwa nimetoka kupigia deki. Nikakiweka kiberiti chini. Kisha nikamwita yule mjukuu anayenigeza mbuzi.

"Njoo unuse hapa," nikamwambia.

"Unanifunza, Bibi?"

"La," nikasema. "Mimi sisikii. Nusa uniambie."

Akainama, mara hii hakucheka, akanusa upande huu na upande ule. "Safi, Bibi," akasema. Ndipo nikawasha.